Barua za Uani: "Umeandikwa wapi?"

Mwezi huu barua zimekuja nyingi, na karibu kila moja ina mgeni ndani yake. Ama mwandishi ndiye mgeni, ama ni mpangaji wake, ama ni yule mama aliyeonekana kibarazani na watoto na hakuna ajuaye katoka wapi. Nimezisoma uani kwetu Mlaleo, Mombasa, mbaazi zikiwa motoni, na mbili zina madoa ya tui. Mhariri anisamehe.

Kwa wasionijua: nilikuwa mpishi wa shule ya msingi miaka 22. Tangu nistaafu, mimi na akina mama wenzangu tisa tunapika siku tatu kwa wiki, na anayekuja na bakuli anapakuliwa. Mambo ya ustawi wa jamii sikuyasomea. Panapohusu sheria nimewauliza wanaojua kabla ya kuandika.

Shikamoo Bi Mkubwa. Tulitoka Tana Delta baada ya maji kuchukua shamba na nyumba, tukaja kwa binamu ya mume wangu, Mishomoroni. Binamu ana chumba kimoja, mke na watoto wanne. Sisi tuna watatu. Mume wangu anabeba mizigo sokoni Kongowea, siku nyingine anarudi na mia mbili, siku nyingine mikono mitupu. Nasikia kuna watu wanagawa chakula, lakini kila nikienda naulizwa, "Wewe umeandikwa wapi?" Sijaandikwa popote. Mtoto wangu mdogo, mwaka mmoja na nusu, amekonda mikono. Mkubwa ana miaka minane na shule haimtaki kwa sababu vyeti vilikwenda na maji. Nianzie wapi? — Mama Watatu, Mishomoroni

Marahaba, mwanangu. Anza na huyo mdogo, na anza leo.

Mitaani kwetu kuna wahamasishaji wa afya ya jamii, wale wanaopita nyumba kwa nyumba na mkoba mgongoni. Walipewa vifaa mwaka 2023, na miongoni mwavyo ni utepe wa rangi wa kupimia mkono wa mtoto. Muulize jirani yeyote mwenye mtoto mchanga, atakuonyesha wanakokaa. Utepe huzungushwa katikati ya bega na kiwiko, kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Ukiangukia kijani, yaani sentimita 12.5 kwenda juu, shukuru. Manjano maana yake ameanza kudhoofika. Nyekundu, chini ya sentimita 11.5, usingoje kesho, mpeleke kituo cha afya cha serikali akapewe kile chakula cha karanga cha kwenye pakiti. Kile ni dawa yake, ndugu zake wasionjeshwe hata kwa huruma. Halafu bonyeza nyayo zake kwa juu na kidole gumba. Miguu yote miwili ikibaki na shimo, ni safari ya leo leo, hata kama utepe umeonyesha kijani.

Uji wake usiwe maji. Nimewaona akina mama wakiurefusha uji ili uwatoshe wote, tumbo la mtoto linajaa na mwili haupati kitu. Uwe mzito, ukae kwenye kijiko. Tia mafuta kijiko kimoja, tia karanga za kuponda au dagaa wakavu waliosagwa mpaka wawe unga. Dagaa hawana bei kubwa, na mumeo yuko Kongowea kila siku.

Sasa hilo la "umeandikwa wapi". Chakula cha msaada hufuata orodha. Orodha hutoka kwa mzee wa mtaa, na mzee wa mtaa huandika nyumba anazozijua. Ile nyumba anaijua kuwa ni ya binamu na ina watu sita. Ninyi watano hamjahesabiwa na mtu yeyote. Ukienda peke yako utaulizwa maswali kumi: kabila gani, umetoka wapi, mbona hukwenda kwenu, kitambulisho kiko wapi. Kwa hiyo usiende peke yako. Nenda na mke wa binamu, naye ndiye aseme: "Hawa ni wangu, wanakaa kwangu." Mgeni akisemewa na mwenyeji huulizwa jina tu. Kisha mwombeni mzee wa mtaa awafikishe kwa naibu wa chifu, mpate barua ya utambulisho. Barua hiyo mtaihitaji shuleni, mtaihitaji kwa vyeti, na baba akienda kutafuta kitambulisho kilichopotea ataihitaji pia. Ipige picha na uihifadhi kwenye simu ya mtu mwingine, maana maji mnayajua.

Nakwambia haya kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kuuliza swali hilo. Tulipoanza kupika tulikuwa na daftari la majina 60, na nilijiona hodari kwa daftari lile. Akaja mama mmoja na mtoto mgongoni, nikamuuliza kaandikwa wapi. Akasema hajaandikwa, akaenda kukaa nje ya lango chini ya mwarobaini. Watu wote walipoondoka aliingia, akachukua sufuria kubwa bila kuambiwa, akaanza kuliosha. Kabla ya kutia maji akakwangua ukoko kwa kijiko, akampa mtoto. Hakunitazama. Daftari tunalo mpaka leo, kwa ajili ya kujua mchele wa kununua, lakini tangu siku ile sahani tano hupakuliwa kwa ambao hatuwajui, na mwenye zamu ya lango haruhusiwi kumuuliza mtu lolote kabla hajala.

Kuhusu shule, usiende kugombana. Shule za msingi za umma hazina karo tangu Januari 2003, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumbagua mtoto anayetafuta nafasi. Lakini mwalimu mkuu naye ana shida yake: mfumo wa wizara unataka namba ya cheti cha kuzaliwa ili mtoto ahesabiwe na fedha zake zije. Mpelekee barua ya naibu wa chifu, mwambie cheti kinatafutwa, mwombe mtoto akae darasani huku mkikitafuta. Kisha nenda Huduma Centre, ile ofisi ya serikali ya vyeti, na chochote ulichonacho, hata kadi ya kliniki iliyoloa. Ukitakiwa kulipa pesa yoyote shuleni, dai risiti. Kwa risiti hiyo hiyo utajua kama pesa ni halali, maana ile isiyokuwa halali haiandikiwi.

Na siku ya kupika hapa ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kutoka Mishomoroni unakuja kwa miguu.

Assalaam aleikum. Sisi ni vijana wa Majengo, tunataka kupika futari ya watu 60 kila siku Ramadhani ijayo. Mwaka huu tulijaribu, siku ya kwanza chakula kiliisha watu 40 tu wamekula, siku ya pili tukaongeza na kikamwagwa. Kipimo ni kipi? — Vijana wa Barazani

Waaleikum salaam. Nyinyi ndio mmenifurahisha mwezi huu, maana wengi huniuliza kama ni vizuri kusaidia, na hakuna anayeuliza mchele kilo ngapi.

Watu 60 wali na maharagwe: mchele kilo 7, maharagwe makavu kilo 4, nazi 15. Nazi kumi ni za wali, tano za maharagwe. Msikune zote asubuhi, joto letu litalichachusha tui kabla ya alasiri. Vitunguu kilo 2, nyanya kilo 3. Maharagwe yalowekeni usiku kucha, maji yale myamwage, mpike kwa maji mapya, na chumvi iingie yakishaiva. Mkiyaloweka mnaokoa karibu nusu ya makaa, na makaa siku hizi ndiyo yanayokula sadaka za watu kuliko mchele. Tui jepesi liingie kwanza, tui zito mwisho, moto ukiwa chini.

Siku mnazotaka mihogo ya nazi, kilo 18 zinatosha. Mihogo michungu msinunue, hata mkipewa kwa bei ya kutupa. Mwonjesheni muuzaji kwanza: mwambieni aitafune mbele yenu.

Sasa kwa nini kiliisha watu 40? Nitawaambia bila kuwapo. Aliyeshika upawa alikuwa rafiki wa wote waliotangulia foleni. Upawa si kipimo, kila mkono una upawa wake. Chukueni bakuli moja la plastiki, lijazeni wali usawa wa ukingo, lipindueni kwenye sahani. Mtu mzima bakuli moja, mtoto nusu, wa mwisho apate sawa na wa kwanza. Anayetaka kuongezewa angoje wote wapite. Mpakuaji awe mtu asiyependa mazungumzo. Sisi tuna mama mmoja hapa ambaye nyumbani kwake hasemi maneno ishirini kwa siku, na ndiye mpakuaji bora Kisauni nzima.

Kilichobaki kigawiwe pale pale, watu waende nacho wakakile usiku huo. Msiweke wali ili mwugawe kesho. Najua sote tumekuzwa kwa mwiku na chai ya rangi, lakini wali uliokaa kwenye joto letu zaidi ya saa mbili unaweza kuwa na sumu ambayo kuupasha tena hakuiondoi. Mwiku wa nyumbani kwako unajua ulivyouweka. Mwiku wa sufuria la watu 60 haujulikani umeshikwa na nani.

Jambo moja zaidi. Msipige picha za wanaokula. Mfadhili akitaka picha, mpigieni sufuria.

Bi Mkubwa, nafanya kazi hotelini Nyali. Wageni wetu wanapenda kuchangia. Sasa nina makopo 24 ya maziwa ya unga ya watoto wachanga, na jamaa mwingine ameahidi magunia matatu ya mahindi yaliyokaa stoo tangu mwaka jana. Nilete? — Dada wa Mapokezi

Asante, mwanangu, ila makopo usilete. Najua yanauma kurudisha, maana ni ghali. Lakini fikiria yule mama anayenunua maji ya mkokoteni kwa mtungi, hajui yametoka bomba gani, anachemshia jiko la makaa la kupokezana na wapangaji sita. Utampa kopo moja, maziwa yake yatapungua kwa kuwa mtoto hanyonyi, na wiki ijayo kopo limekwisha. Sisi tuna sheria ya kudhibiti bidhaa hizo tangu mwaka 2012, na haikutungwa bure. Mtoto wa chini ya miezi 6 anahitaji ziwa la mama tu, na mama ndiye anayehitaji chakula. Mwombe mgeni abadilishe makopo kwa maharagwe, mafuta ya kupikia na sabuni. Sabuni huwa haiji kamwe, sijui kwa nini watu wanadhani maskini hafui. Na taulo za kike. Ukiwa na mtoto aliyefiwa na mama, au mama ambaye kweli hawezi kunyonyesha, huyo mpeleke kliniki, wao ndio waamue kuhusu kopo.

Mahindi, nenda kayatazame mwenyewe kabla ya kukubali. Shika konzi, inuse, ivunje kwa jino. Yakiwa na unyevu, yakiwa na ukungu wa kijani au manjano kwenye kiini, mwambie ahsante akayazike. Mwaka 2004 sumukuvu ya mahindi iliua watu 125, wengi wao Makueni na Kitui, na wale walikula mahindi ya nyumbani kwao waliyoyaamini. Kusaga hakuitoi sumu ile, wala kupika. Na stoo ya Mombasa yenye bati na hewa ya bahari ni mahali pabaya pa kuwekea nafaka mwaka mzima. Nimeshawahi kurudisha gari zima la mtu mkubwa kwa sababu hiyo, na hakunisalimia mpaka Idi mbili zikapita.

Nakaa Ziwa la Ng'ombe, chumba 2,500. Kodi ya miezi miwili imenishinda, mwenye nyumba amesema Jumapili atang'oa mlango. Ana haki hiyo? — Mpangaji

Hana. Nyumba ya kuishi ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi inalindwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi, na mwenye nyumba hawezi kukutoa bila amri ya baraza linalohusika. Kodi ikizidi hapo kuna utaratibu mwingine, lakini kung'oa mlango hakumo katika utaratibu wowote.

Hayo ni ya sheria. Ya uani ni haya: nenda kabla ya Jumapili, usimkimbie. Wenye nyumba wengi huku kwetu ni wajane wenye vyumba sita, na vyumba hivyo ndiyo pensheni yao. Mpelekee hata mia tano, mwandikiane siku ya kulipa zilizobaki, na pesa zote zipite kwa simu ili ushahidi ubaki. Mkishindwana, mzee wa mtaa akae kati. Asiposikia hapo ndipo umtajie baraza.

Jambo mama. Miye natoka Uvira. Nilikuwa kambi ya Kakuma miaka sita, sasa niko Bombolulu, nanyoa nywele. Mtu mumoja ananiomba shilingi 15,000 ahamishe faili yangu Mombasa. Mwingine anasema Kongo iko katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hivyo nirudishe karatasi ya ukimbizi, nitakuwa huru. Nimusikie nani? Na watu wananicheka namna ninasema. — Kinyozi

Barua yako nimeiacha ilivyo, mwanangu, usiione haya. Kiswahili ni nguo, kila mtu ana mshono wake. Wabarawa waliokuja kwetu miaka ya tisini na Chimiini chao, Kiswahili cha kwao Barawa, Somalia, tuliwacheka hivyo hivyo, na leo tunawakumbuka kwa maneno yale yale tuliyoyacheka.

Wa kwanza ni mwizi. Huduma za Idara ya Huduma za Wakimbizi na za UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, hazilipiwi, kuanzia fomu mpaka kitambulisho. Anayekuomba 15,000 hana faili mkononi, ana njaa yako tu. Usimpe hata ya usafiri, wala usimwachie karatasi zako "akazipige kopi".

Wa pili hakudanganya, ila amekwambia nusu, na ile nusu aliyoiacha ndiyo nzito. Kongo imo katika Jumuiya tangu 2022. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inamruhusu mkimbizi kutoka nchi ya Jumuiya kuiacha hadhi ya ukimbizi kwa hiari yake na kuishi hapa kwa taratibu za Jumuiya. Lakini ukiiacha, umeacha na ule ulinzi wa kutorudishwa Uvira. Na ukiwa na mke na watoto ambao majina yao yako kwenye karatasi yako, je, wao? Hilo si la kuamua kwenye kiti cha kinyozi. Sheria hiyo hiyo inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi, ila ukiwa umesajiliwa Kakuma, kutoka nje ya eneo lako kunataka kibali, na sidhani unacho, maana ungeniambia. Sikulaumu. Mgao wa chakula kambini ulivyokatwa mwaka 2025 tumeuona mpaka hapa kwenye foleni yetu.

Nenda Kituo cha Sheria, lile shirika la msaada wa kisheria, wana ofisi Mombasa na wamezoea kesi za wakimbizi. Nenda kabla askari hajakukuta, ukiwa na karatasi zako zote. Waambie ukweli wote, pamoja na hilo la kibali. Na yule mwenye duka la kinyozi aliyekupa kiti, mwombe akusindikize. Nimeshasema kwa Mama Watatu hapo juu na sitachoka kusema: usiingie ofisi peke yako ikiwa kuna mtu mmoja mtaani anayejua jina lako.

Jirani yangu mpya alikuwa na ng'ombe kwao, ukame ukawamaliza. Zaka yangu nimpe, au ni tajiri aliyeanguka? — Muulizaji, Mwembe Tayari

Ng'ombe aliyekufa si mali. Aya ya 60 ya Sura At-Tawba imetaja makundi manane, wa kwanza ni mafakiri na wa mwisho ni mwana njia, msafiri aliyekwamia ugenini. Jirani yako naona anaingilia mlango wa kwanza na wa mwisho, lakini imamu wako ndiye wa kukupa neno la mwisho, mimi ni mpishi. Zakatul-fitri ni jambo jingine, ile ni pishi ya chakula kwa kila kichwa cha nyumba yako na itoke kabla ya swala ya Idi. Mpelekee usiku wa kuamkia Idi, ili naye asubuhi yake awe na cha kupika.

Bi Mkubwa, nyinyi mnaopika bure mnaharibu watu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa mtaani kuna familia iko mwezi wa nne. Sisi tuliozaliwa hapa hatuna kazi, na chakula kinaliwa na waliokuja jana. — Mzaliwa wa Kisauni

Nusu ya barua yako naikubali. Wenyeji wana njaa pia, na foleni yetu ina wazaliwa wa Kisauni wengi kuliko wageni. Hatumuulizi mtu alizaliwa wapi, kwa hiyo bakuli lako lilete, kama hasira zako ni njaa. Wala sikutanii.

Hiyo methali umeisoma mbio. Walisema mpe jembe. Jembe linatoka kwa mwenyeji, na anayempa mtu jembe sharti awe na shamba la kumwonyesha. Wewe na mimi, ndugu yangu, hata nyumba tunazokaa nyingi hazina ardhi, kuta zetu, uwanja wa mwingine. Sasa jembe la Kisauni ni lipi?

Nitakusimulia la kwetu. Mwaka 1992 nilikuwa nimeolewa juzi. Majahazi yalikuwa yakileta watu kutoka Barawa na pwani yote ile ya Somalia, kambi zikafunguliwa Utange, Benadir na kwingineko, na ambao hawakutaka kambi walitafuta nyumba za watu. Mamangu Majengo alipata mama na mabinti zake wawili. Aliwapa chumba cha uani. Siku ya tatu ikapita bila jembe, wiki ya tatu ikapita. Siku moja yule mama akamwomba mamangu udongo na mahali pa kujengea tanuri. Akajenga tanuri la mofa, ule mkate wa mtama, pale pembeni ya kisima. Mtama alikopeshwa na duka la Mpemba kwa neno la mamangu. Mkate ukatoka, mzuri, na haukununuliwa. Watu hawakujua ni mkate wa nani na umekandwa na mikono gani. Basi mamangu akajitwika sinia mwenyewe, akatoka barabarani alasiri, akakaa nalo. Aliyemuuliza alimwambia: "Ni wa nyumbani kwangu." Kwa wiki mbili aliuza mkate asioupika. Baada ya hapo wateja walikuja wenyewe mpaka uani.

Kambi zilipofungwa miaka ya tisini ikielekea mwisho, nao wakaenda Kakuma na wenzao. Tanuri lilibaki mpaka 2003 tulipolivunja kujenga choo.

Mwaka jana tulikuwa na mama kutoka Ganze, alikaa foleni yetu miezi mitano. Wapo waliosema kama unavyosema. Tukachanga kikaango cha vitumbua na mchele kilo mbili, na mmoja wetu akaenda naye stejini, akamweka karibu na muuza chai anayemjua. Sasa anauza kila asubuhi, na Ijumaa hutuletea kumi. Sukari anaibana sana, lakini tunavila.

Hiyo familia ya mwezi wa nne, nani mtaani kwako amewahi kutoka nayo mpaka barabarani? Baba anaweza kazi gani? Kama hujui, mpitie kesho umuulize, kisha uniandikie tena. Kikaango kimoja kingine tunacho, kimepinda kidogo.

Nina sufuria kubwa la harusi, limekaa tu darini. Mnalitaka? — Bibi Harusi wa Zamani, Tudor

Tunalitaka. Lete na mfuniko wake. Letu tunalifunika kwa sinia na jiwe juu, na wiki iliyopita jiwe liliingia kwenye mbaazi.